Somo: Ndege wa demani, bwawani na uani

Assalamu alaikum. Wageni wameshaanza kushuka. Huko Ulaya majani yanapukutika na wadudu wanapungua, kwa hiyo mbayuwayu na vitwitwi wanakimbilia kwetu. Usingoje vuli ikolee. Bwawa likijaa pomoni, ndege wa matope hana pa kukanyaga.

Kwanza, bwawani. Nenda ukishaswali alfajiri, jua ulipe mgongo, na ukae kitako. Siku yangu ya mwanzo kwenye kinamasi cha Bwawani, hapa Unguja mjini, nilisimama kama mlingoti, sikuona ila yangeyange. Nilipokaa, vitwitwi wakarudi wenyewe. Darubini si lazima. Tazama mwendo kabla ya rangi: yule anayetikisatikisa mkia kando ya maji ni kitwitwi mgeni. Mbayuwayu wa Ulaya ana koo la rangi ya kutu na mkanda wa buluu iliyoiva chini yake. Sululu, mwenye mdomo uliopinda chini, mfuate pwani maji yakijaa, bahari itakusogezea. Andika tarehe kila mara.

Pili, uani. Hapa adui ni kunguru. Aliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ale taka za mji, akaishia kula mayai na makinda ya wenzake. Ukiweka mkate, umemwalika yeye. Tengeneza tundu la wavu wa chuma, matundu ya sentimita 4 hivi, ndani tia kifuu chenye mtama na chenga za mchele. Mnana atapenya, kunguru atabaki kupiga kelele nje. Kando weka kigae cha maji, kina cha vidole viwili, ubadilishe kila siku, hatufugi mbu. Chozi, yule ndege mnyonya maua, punje hazimhusu, mwachie mgomba utoe ua.

MASWALI

Maalim, na paka wa jirani?
Tundu litundike kwa waya juu ya kimo chako, mbali na ukuta. Jirani usigombane naye.

Mie nipo Wete, ninga atakuja kwenye mtama?
Haji, bibie, huyo ni wa matunda. Lakini ninga wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, nawe unamtafutia mtama! Tafuta mti uliozaa, ukae chini yake.

Juni niliona kitwitwi. Nilikosea?
Hukukosea. Baadhi ya wachanga hawarudi kwao mwaka wa kwanza.