Namna ya Kuyafuatilia Maisha ya Lena Horne Kuanzia Jukwaani Badala ya Kwenye Filamu

Anayetaka kumfahamu mwigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1940 kwa kawaida hutafuta orodha ya filamu zake na kuzitazama moja baada ya nyingine kwa mfuatano wa miaka. Utaratibu huo huwafaa waigizaji wengi, lakini kwa Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, hupotosha, kwa sababu filamu nyingi alizocheza katika studio ya MGM zilimpa dakika chache tu: alisimama, mara nyingi peke yake, akaimba wimbo mmoja au miwili, kisha hakuonekana tena. Mtazamaji anayeanzia hapo huondoka akiamini kwamba amemwona mwanamke mzuri wa sura, mtulivu, asiye na mengi ya kusema. Mpangilio ninaoupendekeza hapa unaanza na sauti yake ya uzeeni, unarudi kwenye rekodi za katikati ya maisha yake, na ndipo unafika kwenye filamu, wakati msikilizaji ameshajua ni kitu gani kilichokuwa kimezuiwa ndani yake.

Kwanza andaa daftari na ugawe kila ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika kazi zilizohifadhiwa, yaani filamu, santuri na maonyesho, na upande wa pili andika yaliyokuwa yakimpata nje ya kamera katika mwaka huohuo. Anza na mipaka miwili: alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Juni 1917, na alifariki katika jiji hilohilo tarehe 9 Mei 2010, akiwa na umri wa miaka 92. Upande wa pili wa ukurasa ndio utakaojaa haraka zaidi, na hilo ni la kawaida kwake.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza albamu ya onyesho lake la Lena Horne: The Lady and Her Music, lililofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za michezo jijini New York, katika ukumbi wa Nederlander mwezi Mei 1981, alipokuwa na miaka 63. Albamu hiyo ilitayarishwa na Quincy Jones. Onyesho lilichezwa zaidi ya mara 300, likampatia tuzo maalumu ya Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, na likafungwa tarehe 30 Juni 1982, siku aliyotimiza miaka 65. Isikilize yote bila kurukaruka, kwa kuwa mazungumzo yake kati ya nyimbo ni sehemu ya tawasifu: hapo ndipo anapozungumzia studio, wanaume, na jinsi alivyokuwa akitazamwa. Zingatia hasa kwamba aliuimba wimbo Stormy Weather mara mbili katika onyesho hilohilo. Mara ya kwanza aliuimba kwa namna iliyokaribiana na mazoea ya watu, na mara ya pili, baadaye sana, aliupasua kwa nguvu zote za kifua. Andika tofauti unazozisikia: wapi anavuta pumzi, neno gani analiburuza, wapi sauti inakwaruza na yeye anaiacha ikwaruze. Maelezo hayo yatakuwa kipimo chako kwa kila kitakachofuata.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi 1957, kwenye albamu aliyorekodiwa mbele ya wageni wa hoteli ya Waldorf Astoria mjini New York, iliyouzwa kwa wingi sana na kampuni ya RCA Victor. Hapa utamkuta mwimbaji mwingine kabisa. Matamshi ni makali, konsonanti zinakatwa kama kwa mkasi, mzaha upo lakini hauchangamki, na kati yake na wasikilizaji kuna umbali unaosikika. Wachambuzi wengi huuita umbali huo umaridadi tu. Mimi naona maelezo yake mwenyewe ya miaka ya baadaye yana uzito zaidi: alisema kwamba hakutaka wasikilizaji wale wampate yeye, bali waupate wimbo pekee. Ukumbuke kwamba hoteli na kumbi za starehe alizoziimbia katika ujana wake mara nyingi zilimlipa vizuri jukwaani huku zikikataa kumpa chumba cha kulala kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huohuo wa 1957 alianza kuigiza katika mchezo wa Broadway uitwao Jamaica, pamoja na Ricardo Montalban, uliodumu hadi 1959. Sikiliza albamu ya mchezo huo ukipata nafasi.

Sasa nenda kwenye chanzo. Sehemu hii ya utotoni si lazima ikuchukue muda mrefu, ila kuna mambo matatu yasiyofaa kukosekana katika daftari. La kwanza ni bibi yake mzaa baba, Cora Calhoun Horne, mwanaharakati aliyemwandikisha mjukuu wake katika NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, akiwa mtoto mdogo sana, kiasi kwamba picha yake ilichapishwa katika jarida la chama mwaka 1919. La pili ni mama yake, Edna Scottron, mwigizaji aliyezunguka na vikundi vya michezo, na ambaye maisha yake ya kuhamahama yalimfanya binti alelewe nyumba hii mara na ile mara nyingine. La tatu ni Cotton Club ya Harlem, ambako aliajiriwa kama mcheza dansi mwaka 1933 akiwa na miaka 16, katika ukumbi ambao wasanii walikuwa Weusi na wateja walikuwa Weupe. Mwaka huohuo, katika ukumbi huohuo, Ethel Waters ndiye aliyeutambulisha wimbo Stormy Weather, uliotungwa na Harold Arlen kwa maneno ya Ted Koehler. Usisahau jina la Ethel Waters, kwani litarudi.

Miaka inayofuata ipitie kwa haraka: bendi ya Noble Sissle, ndoa na Louis Jones mwaka 1937, watoto wawili, Gail na Teddy, kisha bendi ya Charlie Barnet, ambayo wanamuziki wake walikuwa Weupe, mwaka 1940 na 1941. Kuna tahadhari moja hapa. Filamu yake ya kwanza ndefu, The Duke Is Tops ya 1938, ilitolewa tena baadaye kwa jina la The Bronze Venus, jina lake likiwa juu kwa sababu alikuwa ameshapata umaarufu. Wako wanaozihesabu kama filamu mbili. Ni moja.

Pale Café Society, ukumbi wa New York uliokaribisha wateja wa rangi zote wakae pamoja, aliimba mwaka 1941 na kujenga urafiki na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi aliyeshutumiwa kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Urafiki huo uandike upande wa pili wa ukurasa kwa wino unaoonekana vizuri, kwa maana ulikuja kumgharimu. Mwaka 1942 alitia saini mkataba wa miaka saba na MGM. Walter White wa NAACP aliyafuatilia mambo yake kwa karibu, na inasimuliwa kwamba baba yake, Teddy Horne, aliingia ofisini kwa Louis B. Mayer, mkuu wa MGM, na kusema kwamba yeye ana uwezo wa kumwajiria binti yake mtumishi wa ndani, hivyo haoni sababu ya binti huyo kuigiza kama mtumishi. Matokeo ya msimamo huo yalikuwa na pande mbili. Hakulazimishwa kuvaa aproni na kubeba trei kama waigizaji wengi Weusi wa wakati ule, lakini studio haikuwa na nafasi nyingine iliyokuwa tayari kumpa, kwa hiyo ilimpa nguzo ya kuegemea na wimbo wa kuimba.

Unapozitazama filamu hizo za MGM, kama Thousands Cheer ya 1943, Ziegfeld Follies ya 1946 na Words and Music ya 1948, zitazame kingo za kila kipande chake. Angalia anaingiaje, nani anazungumza naye, na kama hadithi ingepungukiwa na chochote endapo kipande hicho kingeondolewa. Mara nyingi utaona kwamba isingepungukiwa, na hiyo haikuwa bahati mbaya: vipande viliweza kukatwa kabla ya filamu kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya majimbo ya Kusini. Fanya jaribio dogo. Simamisha filamu sekunde chache kabla hajaingia, uruke hadi sekunde chache baada ya kutoka, kisha usikilize kama mazungumzo yanaungana. Jaribio hilo hufundisha ubaguzi wa rangi wa Hollywood kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Filamu mbili za 1943 haziingii katika kanuni hiyo, na hizo ndizo za kutazamwa mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu, ikiwezekana zaidi ya mara moja. Cabin in the Sky, iliyoongozwa na Vincente Minnelli, ina waigizaji Weusi watupu; Horne ni Georgia Brown, mwanamke mshawishi, na mke anayempigania mumewe dhidi yake ni Ethel Waters yuleyule wa Cotton Club. Ukiyajua hayo, uhasama wa wahusika wawili hao unakuwa pia mkutano wa vizazi viwili vya waimbaji, mmoja akiona nafasi yake ikichukuliwa mbele ya macho yake. Filamu ya pili, Stormy Weather, ilitengenezwa na Twentieth Century-Fox, ambayo MGM iliikopesha Horne. Mpenzi wake katika hadithi ni Bill Robinson, aliyezaliwa 1878, yaani mwanamume aliyemzidi karibu miaka 40, na hakuna mbinu ya kamera inayoweza kulificha hilo. Hata hivyo filamu hiyo imewahifadhi wanamuziki Cab Calloway na Fats Waller, wacheza dansi ndugu wawili Nicholas na kikundi cha dansi cha Katherine Dunham ndani ya dakika 78, jambo ambalo halikutokea tena. Ufikapo kwenye wimbo uliobeba jina la filamu, ambapo Horne anasimama dirishani na mvua inanyesha nje, fungua daftari lako kwenye ukurasa wa 1981 na ulinganishe mstari kwa mstari. Sauti ya 1943 ni safi, iliyofungwa vizuri, na haikwaruzi mahali popote.

Kutoka katika Cabin in the Sky kilikatwa kipande ambacho Horne aliimba akiwa katika beseni la kuogea lenye povu. Kipande hicho kimo katika That's Entertainment! III ya 1994, ambamo yeye mwenyewe ni mmoja wa wasimulizi. Kitazame mara tu baada ya filamu yenyewe.

Fuatilia vilevile suala la Show Boat, mchezo wa muziki wa Broadway, kwani linaeleza mengi kwa ufupi. Katika filamu Till the Clouds Roll By ya 1946, Horne aliigiza kidogo kama Julie wa mchezo huo, mwanamke mwenye asili ya Weusi anayechukuliwa kuwa Mweupe, na kuimba wimbo wake. MGM ilipoitengeneza Show Boat kamili mwaka 1951, nafasi ya Julie ilikwenda kwa Ava Gardner, mwigizaji Mweupe, ambaye hata nyimbo zake katika filamu ziliimbwa na mtu mwingine. Kanuni za Hollywood za wakati ule zilizuia kuonyesha mapenzi kati ya watu wa rangi mbili. Weka vipande hivyo viwili pamoja na uvitazame kwa zamu.

Upande wa pili wa kurasa za miaka hiyo usiache tupu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliimba katika kambi za wanajeshi, na katika kambi moja, kama alivyosimulia, aliwakuta wafungwa wa Kijerumani wamekalishwa mbele na wanajeshi Weusi wa Marekani wamewekwa nyuma yao. Alishuka jukwaani, akawapita wafungwa, na kuwaimbia wanajeshi hao akiwapa Wajerumani mgongo. Mwaka 1947 alifunga ndoa mjini Paris na Lennie Hayton, mwanamuziki Mweupe wa MGM, na ndoa hiyo ilifichwa hadi 1950, kwa kuwa ilipofungwa sheria ya California ilikuwa bado inapiga marufuku ndoa za namna hiyo. Mwaka huohuo wa 1950 jina lake lilichapishwa katika Red Channels, kijitabu kilichowataja watu 151 wa redio na televisheni kuwa wana mwelekeo wa kikomunisti. Hapo ndipo urafiki na Robeson ulipohesabiwa dhidi yake. Milango ya filamu na televisheni ilifungwa kwa miaka kadhaa, na ndiyo maana rekodi zake bora za muongo huo zimetoka katika kumbi za hoteli.

Kwa mwaka 1963 tenga ukurasa mzima. Mwezi Mei alikuwa miongoni mwa watu waliokwenda pamoja na mwandishi James Baldwin kukutana na Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani. Mwezi Juni alikwenda Jackson, Mississippi, kuungana na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP huko, aliyeuawa siku chache baadaye. Na tarehe 28 Agosti alikuwepo katika maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi. Mwaka huo alirekodi wimbo Now!, wa kudai haki bila kungoja, ambao baadhi ya vituo vya redio vilikataa kuupiga. Mwongozaji wa Cuba, Santiago Álvarez, aliutumia katika filamu fupi ya mwaka 1965, inayojengwa kwa picha za magazeti na za habari kuhusu ukatili wa polisi. Sikiliza wimbo kwanza bila picha, kwa sababu hapa ndipo sauti ile iliyofungwa inapoanza kufunguka, miaka 18 kabla ya onyesho la Nederlander.

Mwisho wa kazi yote ndiyo wakati wa vitabu. Kuna tawasifu ya 1950 na nyingine ya 1965, na kuna historia ya ukoo wa Horne iliyoandikwa na binti yake, Gail Lumet Buckley, na kuchapishwa 1986. Angalia mwaka wa kuchapishwa kabla ya kuamini kwamba kitabu kimekueleza kila kitu. Tawasifu zote mbili zilitoka kabla ya mwaka 1970, ambao baba yake na mwanawe Teddy walifariki, na kabla ya 1971, Hayton alipofariki. Kwa hiyo yeyote anayetaka kueleza kwa nini mwimbaji wa 1957 na yule wa 1981 hawafanani atavikuta vitabu hivyo vimeishia njiani, na itambidi arudi kwenye kile cha binti na kwenye maneno aliyoyasema mwenyewe jukwaani kati ya wimbo na wimbo.