Kupima ukali wa jua kwa paneli ndogo ya sola

Tafuta paneli ya wati 10 na malitimita (kifaa cha kupimia umeme). Kwenye kibandiko cha nyuma soma Isc (mkondo wa paneli nyaya zake zikiunganishwa moja kwa moja), tuseme ampea 0.60: hiyo ni kwa jua la wati 1000 kwa mita mraba.

Futa kioo kwanza kwa maji matamu. Juu ya dari za Lamu, upepo wa kusi huacha utando mweupe wa chumvi, kipimo kikashuka na jua liko vilevile. Laza paneli kwa pima maji. Chomeka waya nyekundu kwenye tundu la 10A (usiguse betri hapo, fyuzi au malitimita yenyewe itaungua), kisha unganisha nyaya za paneli na za malitimita. Ukisoma 0.45, gawanya kwa 0.60, zidisha kwa 1000: wati 750. Volti achana nazo, jua likififia hazishuki sana. Kivuli cha kuti kwenye seli moja tu huharibu hesabu nzima.