Mchoro wa maana kwa ukuta wako: vile mimi hufanya, kutoka kudaunlodi mpaka msumari

Mimi ni fundi wa fremu hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na kazi inayonilipia nyumba ni picha za graduesheni na picha za matanga, zile kubwa za marehemu zinazowekwa kando ya jeneza. Lakini kuna kazi nyingine naifanya kwa roho yangu yote na siku hizi watu wananiuliza inafanywa aje, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja. Ni kuchukua ile michoro inayojulikana dunia nzima, ya Vermeer na Van Gogh wa Uholanzi, ya Hokusai wa Japani, kuiprinti vizuri na kuiweka kwa nyumba ya kawaida, iwe Nyalenda, iwe Manyatta, iwe ni bedsita au nyumba ya mabati.

Kitu kimoja nakuomba ushike kabla hatujaanza: chagua mchoro unaoweza kuuprinti kwa saizi yake yenyewe. Watu huchukua mchoro ulio mkubwa kama mlango, wanaufinya ukae A4, halafu wanauliza mbona picha iko tu hapo haiwaambii kitu. Na kumbe michoro mingi mikubwa kwa jina ni midogo kwa futi. Ule wa Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, alichora karibu mwaka wa 1660 na uko Rijksmuseum, jumba la makumbusho pale Amsterdam, ni sentimita 45.5 kwa 41 peke yake. Lile wimbi kubwa la bahari la Hokusai ndilo dogo zaidi, karibu 25.7 kwa 37.9, linaingia ndani ya A3, karatasi mara mbili ya A4, na nafasi inabaki. Yaani unaweza kuwa nalo kwa ukuta likiwa saizi ile ile ambayo mtu wa Japani alilishika mkononi miaka ya 1830. Na wimbi lenyewe halikuchorwa likae pekee yake kwa jumba la tajiri, lilichongwa kwa mbao na kuprintiwa maelfu ya nakala, watu wa kawaida wakanunua. Kwa hivyo ukiliprinti hapa Kisumu leo unalifanyia kile kile lilitengenezewa.

Hatua ya 1: Chagua na wenye nyumba

Usimchagulie mtu. Mimi huprinti vipande vidogo vya A4 vya michoro kama minne, naviweka mezani, nanyamaza. Kuna mama mmoja anauza chapati Kondele, alikuja kuchukua picha ya mtoto wake akaona hivyo vipande, akashika ule wa Vermeer akakaa nao. Mimi nilifikiri atapenda wimbi maana nyumbani kwao ni ziwani. Akaniambia, "Kijana wangu, huyu anamimina pole pole, hataki ata tone lipotee. Huyu najua." Nikamuuliza ataweka wapi, akasema pale anakandia unga.

Wavuvi nao wengi wanaenda kwa wimbi, kwa sababu ukiangalia vizuri kuna mashua tatu ndani na watu wameinama wameshikilia, na huo mlima mdogo nyuma unaofanana na wimbi lingine ni Fuji. Mtu ambaye amewahi kushikwa na upepo akitoka ufuo wa Dunga hahitaji kuelezewa.

Hapo hapo kuna mambo ya sheria. Kwa sheria ya Kenya haki ya msanii inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Vermeer alikufa 1675, Hokusai 1849, Van Gogh 1890, hao hakuna shida. Lakini usichukue kazi ya mchoraji Jak Katarikawe uanze kuprinti ati kwa sababu ameaga, aliaga 2018 juzi tu. Na msanii aliye hai ndio kabisa, huyo mtafute, mlipe, ama umuulize kama anauza printi. Hii naisema kwa uchungu kwa sababu naona kazi za vijana wetu zimeprintiwa kwa kanvasi zinauzwa barabarani na wao hawajui.

Hatua ya 2: Pata faili ya kutoka kwa jumba lenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Usichukue picha ile ya kwanza umeona ukisachi. Huyo mwanamke wa maziwa ako na historia yake kwa hii maneno: Rijksmuseum waligundua kuna nakala zaidi ya 10,000 zake kwa intaneti zenye rangi mbaya, za manjano, mpaka watu wakienda kwa duka la jumba wanakataa kuamini kwamba postikadi za pale ndizo zenye rangi ya kweli. Ndio moja ya sababu waliamua kuweka faili kubwa na nzuri bure, mtu yeyote achukue.

Na mimi nimeingia huo mtego. Ya kwanza kabisa niliyotengeneza niliitoa kwa sachi, ukuta nyuma ya mwanamke ulikuwa manjano kama maji ya dengu, na mimi sikujua, nikafremu nikauza. Mteja hakulalamika. Miezi baadaye nikaona faili ya jumba lenyewe, ukuta ni mweupe, mweupe wa mwanga wa asubuhi, nikashindwa kulala. Nikaenda kwa mteja nikaichukua nikamfanyia nyingine bila pesa.

Kwa hivyo ingia saiti ya jumba. Rijksmuseum wako na zao. Met, jumba la makumbusho la New York, walifungua zao mwaka wa 2017, picha zaidi ya 375,000, na wimbi liko hapo. Art Institute of Chicago pia, na National Gallery of Art ya Washington. Tafuta jina la msanii, fungua mchoro, hakikisha imeandikwa ni ya umma ama CC0, yaani yeyote anaweza kuitumia bure, kisha udaunlodi ile kubwa kabisa. Zinakula bando, tafuta waifai.

Halafu piga hesabu. Chukua upande mrefu wa mchoro kwa sentimita, gawanya kwa 2.54 upate inchi, zidisha mara 300. Hizo ndizo pikseli unazotaka, vile vidoti vinavyounda picha. Wimbi ni 37.9, inakuja kama 4,480. Mwanamke wa maziwa 45.5, inakuja kama 5,370. Ukikosa kufika hapo, zidisha mara 200 badala ya 300, bado itakaa sawa, lakini chini ya hapo acha.

Ukituma kwa mtu wa kuprinti kupitia WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inapondwa, na hizo pikseli zako zote umezitafuta zinapotelea njiani. Ama beba flashi.

Hatua ya 3: Kuprinti

Mashine nyingi za saiba za kawaida mwisho wao ni A3. Hiyo inatosha wimbi. Mwanamke wa maziwa anahitaji A2, kwa hivyo tafuta wale wenye mashine ya roli. Waambie maneno haya: skeli mia kwa mia, usifinye, usivute, usikate kando. Wengi wakiona nafasi nyeupe imebaki kwa karatasi wanavuta picha ijaze, na hapo mchoro umekatwa miguu. Simama hapo na rula. Pima ikitoka.

Karatasi chukua isiyong'aa, nzito, gramu 200 kuenda juu. Ya kung'aa ukiweka nyuma ya kioo unajiona wewe badala ya mchoro. Mashine za banna zinaweza kuprinti kwa kanvasi na bei ni nzuri, lakini ukisogea karibu unaona vitone, na inanuka siku kadhaa. Hiyo weka kwa michoro mikubwa inayoangaliwa kutoka mbali, kama lile shamba la ngano la Van Gogh la 1889 lililoko Met, hilo ni 73 kwa 93, linapita ata A1.

Kabla ya yote itishe kipande cha majaribio, ukanda wa upana wa vidole vinne hivi, ukipita mahali penye rangi nyingi. Usiuangalie chini ya taa ya duka. Toka nao nje ama simama dirishani. Kwa wimbi angalia buluu: mashine ikiwa haijakaa vizuri inageuka zambarau. Kwa mwanamke angalia aprani yake ya buluu na blauzi ya manjano, na ukuta usiwe na umanjano. Buluu ya aprani haitafika pale kabisa, ile rangi yake ilisagwa kutoka kwa jiwe na wino hauwezi, lakini isiwe ya kufifia. Na printi karibu kila mara hutoka nyeusi kuliko simu yako, kwa hivyo mwambie aongeze mwanga kidogo ujaribu tena.

Halafu kuna kipimo changu mwenyewe. Juu ya huyo mwanamke, kwa ukuta mweupe, Vermeer alichora msumari. Msumari mmoja, hauna kitu umening'inia, na kivuli chake, na mashimo madogo ya misumari mingine iliyong'olewa. Dirishani pia kuna kioo kimoja kimevunjika. Ukiona msumari na kivuli chake, printi ni nzuri, lipa. Ukikosa kuona, rudi kwa faili. Mama wa chapati nilipomwonyesha huo msumari alicheka sana, akaniambia ata kwake iko kama huo, aling'oa kalenda akaacha.

Hatua ya 4: Fremu

Mimi hutumia saipresi iliyokauka, naichonga mwenyewe ule mfereji wa ndani kioo kinapokalia. Kama huna vifaa nunua zile mbao za fremu zilizochongwa tayari, ama mpe fundi wa fanicha vipimo. La muhimu ni mbao iwe imekauka. Hapa kwetu na huu unyevu wa ziwa, mbao mbichi ukifunga Januari, mvua ya Aprili ikifika pembe zimefunguka.

Kata pembe digrii 45 na kisanduku cha kukatia. Mbao mbili zinazoangaliana zikate urefu mmoja kabisa, ziweke pamoja uguse kwa kidole. Gluu ya mbao, misumari midogo, halafu pima kutoka pembe hadi pembe kwa kukingama, pande zote mbili. Vipimo vikifanana fremu imenyooka. Acha usiku mzima.

Kati ya printi na kioo lazima iwekwe maunti bodi, ile kadi nene yenye dirisha. Watu hufikiri ni urembo. Kazi yake kubwa ni kuzuia karatasi isiguse kioo, kwa sababu unyevu ukiingia karatasi inashikana na kioo na hutaitoa tena bila kuirarua. Acha kando sentimita 5 au 6, chini uongeze moja. Rangi nyeupe ya maziwa, usiende kwa nyekundu na dhahabu, mchoro una rangi zake.

Printi usiibandike kwa gluu. Usiibandike kwa gluu, naandika mara mbili. Karatasi inavuta unyevu wa hewa, inapanuka na kunywea, ukiifunga kila mahali inafanya mawimbi. Weka vipande viwili vya tepu ya karatasi upande wa juu peke yake, ining'inie. Selotepu pia hapana, inageuka manjano na kuacha doa.

Nyuma weka hadibodi, piga vijisumari, kisha ziba kando zote na tepu ya kaki. Hii wengi huruka. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija jioni wanafuata taa, wanaingia kwa kila ufa, na baada ya mwezi unakuta kumi wamekufia ndani ya mawingu ya Hokusai.

Nyumba ikiwa na watoto wa kurusha mpira weka pespeksi, ile plastiki ngumu ya kuonekana ndani, badala ya kioo.

Pesa: wimbi la A3 hunigharimu kama 800 kwa vifaa vyote, mwanamke wa maziwa karibu 1,800 kwa sababu ya printi ya roli na kioo kikubwa. Ukifanya mwenyewe ndio bei yako.

Hatua ya 5: Kutundika

Sisi huku tunatundika picha juu sana. Karibu na silingi, imeinama mbele kama inataka kuanguka, ukitaka kuiona unauma shingo. Shusha. Katikati ya mchoro iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, na kama iko juu ya kochi acha kama 20 kati ya kochi na fremu. Mahali mtu hukaa chini akifanya kazi, shusha zaidi, ifuate macho yake.

Usiweke mahali jua linapiga moja kwa moja. Jua letu linakula wino, na hauchelewi kuonekana umefifia. Ukuta ulio kando ya dirisha ni bora kuliko ule unaoliangalia, mwanga unateleza juu ya picha badala ya kurudi machoni.

Ukuta wa simiti tumia msumari mgumu wa simiti, toboa kwanza kama unaweza. Nyumba ya udongo gonga ukutani na kidole mpaka usikie nguzo, piga msumari mrefu hapo. Nyumba ya mabati funga waya kwa mbao ya fremu ya nyumba, usitoboe bati. Lendilodi mkali mwombe ruhusa ya msumari mmoja, wengi hukubali wakiona kitu chenyewe.

Mwisho, kata vipande viwili vya patipati kuukuu, saizi ya shilingi, ubandike nyuma ya pembe za chini za fremu. Hewa itapita kati ya picha na ukuta, na ukuta ukitoa jasho wakati wa mvua, karatasi haitakunywa.

Ya mama wa chapati iko Kondele sasa, chini kidogo kuliko kawaida, kando ya dirisha, juu ya meza ya unga. Nilipiga msumari mpya, ule wake wa kalenda tukauacha pale ulipo, juu kushoto. Mvua ndefu zikiisha nitapita nifungue nyuma niangalie tepu.