SOMO: Kutuliza mtetemo wa rula ya chuma kwa kisahani cha baza na risista moja

Habari zenu wakuu. Kuna kijana aliniuliza inakuwaje umeme upunguze mtetemo wakati hakuna mota wala springi, nikaona maneno matupu hayatamsaidia, tufanye kwa mikono maana hii kitu ukishaiona mwenyewe haikutoki kichwani.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani ukizikandamiza zinatoa chaji, na 1881 wakathibitisha na kinyume chake, ukizipa umeme zinabadilika umbo. Kisahani cha baza, yaani kile chembamba kinachotoa mlio kwenye vifaa vya umeme, kina seramiki yenye tabia hiyohiyo, ndo maana kisahani kilekile kinaweza kuwa sensa, yaani kinahisi, au aktueta, yaani kinasukuma. Leo tunakitumia kunyonya: rula ikipinda kinazalisha umeme, umeme tunaupeleka kwenye risista, yaani kizuia mkondo, ugeuke joto, na hiyo nishati imetoka kwenye mtetemo wenyewe.

Tafuta rula ya chuma ya sm 30 yenye unene wa mm 1, jiliwa, kisahani cha baza cha mm 27, Araldite, msasa, spiriti, potenshomita (risista ya kuzungusha) ya megaomu 1 na multimita inayopima kapasita.

Hatua 1. Bana rula kwenye jiliwa, sm 20 zibaki nje. Vuta ncha uachie, itacheza kama mara 20 kwa sekunde. Jiliwa lifungwe kwenye meza nzito, meza ikitikisika nayo itakula nishati na hutajua kilichotuliza rula ni nini.

Hatua 2. Kama kisahani hakina waya, lehemu sasa kabla ya gundi, waya mmoja kwenye ukingo wa shaba na mwingine kwenye upande mweupe. Gusa sekunde mbili tu uondoe, joto likizidi seramiki inapoteza nguvu yake.

Hatua 3. Hapa ndo wengi wanaharibu. Kisahani kikae karibu kabisa na jiliwa, siyo kwenye ncha. Ncha ndo inacheza sana kwa macho lakini haipindi, inapopinda ni kwenye shina. Piga msasa, futa na spiriti, paka Araldite nyembamba sana, kandamiza, acha hadi kesho. Mimi mara ya kwanza nilitumia ile tepu ya sponji ya pande mbili nikahangaika siku tatu sioni tofauti yoyote, kumbe rula ilikuwa inapinda, tepu inavutika, kisahani kimetulia zake.

Hatua 4. Pima kapasita ya kisahani. Tuseme umepata nanofaradi 25. Risista unayotaka ni 1 gawanya kwa (6.28 × hezi × faradi), kwa hezi 20 (yaani zile mara 20 kwa sekunde) inakuja kama kiloomu 318. Ikiwa ndogo sana ni kama umeshotisha, mkondo unapita ila volti hakuna, ikiwa kubwa sana volti ipo ila mkondo haupiti, na joto linataka vyote viwili.

Hatua 5. Unga potenshomita kwenye waya mbili za kisahani. Jaribu waya zikiwa wazi, kisha zimeshotishwa, kisha kwenye kiloomu 318, kila mara ukivuta ncha umbali uleule, na rekodi kwa slow motion ya simu. Usitegemee rula isimame papo hapo, kisahani ni kidogo na rula ni ngumu, ila utaona inatulia mapema zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Redio: Mkuu mimi nasoma volti ya kisahani kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, nimeweka risista mbili za megaomu 1 kugawa volti 5 katikati, mbona hata nikitoa potenshomita inatulia haraka vilevile?

Jibu: Swali zuri sana hili. Hizo mbili kwa kisahani ziko sambamba, zinakuwa kiloomu 500, karibu kabisa na 318 yetu. Kipimo chako chenyewe ndo kinatuliza rula! Weka za megaomu 10, halafu ishara ipite kwanza kwenye TL072, chipu ya op-ampu (amplifaya ndogo), kama bufa, yaani isome volti bila kunyonya mkondo wa kisahani.

Mwanachuo: Tuliambiwa koili inafanya kazi kuliko risista, kweli?

Jibu: Kweli kabisa, koili na kapasita ya kisahani vinaimba sauti moja na rula. Ila kokotoa, kwa hezi 20 na nanofaradi 25 unahitaji kama henri 2,500. Huwezi kuisuka hiyo, watu wanaiigiza kwa op-ampu mbili.

Dada Umeme: Na kama nataka kisahani cha pili kisukume chenyewe?

Jibu: Kigundishe upande wa pili wa rula, mgongo kwa mgongo na sensa. Volti ya sensa inafuata mpindo, wewe unataka kupinga mwendo, kwa hiyo ishara isogezwe robo mzunguko kabla ya amplifaya. Ukiona rula inazidi kucheza badala ya kutulia, geuza waya mbili za aktueta.

Mzee wa Jenereta: Inafaa kwa jenereta langu linalotikisa ukuta?

Jibu: Hapana mzee wangu, hapo weka mpira mzuri chini ya miguu yake. Hii ni ya vitu vyembamba na vyepesi. Kampuni ya K2 walishaiweka kwenye skii za theluji miaka ya 1990, na imejaribiwa pia kwenye mikia ya ndege za kivita za F/A-18.