Unataka kuweka kibao cha kumbukumbu mtaani? Pitia hapa kwanza

Wengi wakisikia kibao cha kumbukumbu wanakimbilia kwa fundi marumaru kuulizia bei, maneno wanakuja kuyatunga palepale fundi akiwa keshawasha mashine, ndo maana unakuta kibao jina la mgeni rasmi limekuwa kubwa kuliko la marehemu mwenyewe. Anza na maneno jamani, bei baadae.

Ntatumia mfano wa Giorgio Marincola, kijana aliyepigana na mafashisti Italia vita ya pili ya dunia. Kazaliwa Mahaday, Somalia, 1923, mama Msomali baba mwanajeshi wa Italia, akapelekwa Italia bado mdogo, akaja kusoma Roma, na mwalimu wake mmoja, Pilo Albertelli, aliyekuwa anapinga ufashisti, aliuawa na Wajerumani kwenye mapango ya Fosse Ardeatine, Roma, Machi 1944. Giorgio alikuwa anasoma udaktari, akaingia kwenye mapambano. Roma ilipokombolewa Juni 1944 angeweza kutulia zake, ila akakubali kushushwa kwa parachuti kaskazini, upande wa Biella, ambako Wajerumani walikuwa bado wapo. Akakamatwa, wakamweka kwenye redio yao ili awaponde wenzake, yeye akawaponda wao wenyewe, matangazo yakakatwa kipigo kikaanza. Akapelekwa kambi ya wafungwa ya Bolzano, akatoka mwishoni mwa Aprili 1945, Uswisi hiyo hapo jirani angeenda kupumzika, hakutaka, akarudi milimani kwa wapiganaji, askari wa SS, kikosi cha Wanazi yaani Wajerumani wa Hitler, wakamuua kijiji cha Stramentizzo tarehe 4 Mei, wakati vita Italia ilishaisha tarehe 2. Miaka 21 tu!

Haya, yote hayo yaingize kwenye jiwe la sm 40 kwa 60. Haiwezekani, utapunguza. Mimi ningeandika hivi:

GIORGIO MARINCOLA
Alizaliwa Mahaday, Somalia, 1923
Mwanafunzi wa udaktari
Alipigana na mafashisti na Wanazi
Aliuawa na askari wa SS
Stramentizzo, Italia, 4 Mei 1945

Basi. Redio inauma kuiacha lakini utaisimulia siku ya uzinduzi. Sijaweka shujaa wala mpendwa wetu, mtu akishasoma hizo tarehe anaelewa mwenyewe. Ila aliyeua lazima atajwe, ukiandika alifariki tu mpita njia atadhani malaria.

Kwa mzee wenu wa mtaani kazi kubwa ni tarehe. Utaambiwa alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, sasa ipi. Waulize wazee mmoja mmoja nyumbani kwao, ukiwakusanya barazani wote watamfuata aliyeanza kuongea, halafu linganisha na kaburi, vyeti, magazeti ya zamani.

Sehemu nayo isiwe popote penye nafasi, iwe inayomhusu marehemu. Sanamu ya Askari ya 1927 pale Posta, Dar es Salaam, imewakumbuka askari na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia wote kwa mkupuo, hakuna jina la mtu hata mmoja. Sasa linganisha na Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa hapahapa Dar, aliyefia kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944, yeye kibao chake kiko Berlin, kimechimbiwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Kidogo, sm 10 kwa 10, kina jina lake. Na ni cha shaba, kitu ambacho hapa kwetu usithubutu, wa skrepa watakibandua kabla hamjamaliza kula pilau ya uzinduzi.

Kwa hiyo granaiti nyeusi, herufi zichongwe ndani ya jiwe zisiwe za kubandika, zisipungue sm 2. Matundu yatobolewe kwa fundi, skrubu stenlesi, maana huku karibu na bahari skrubu ya kawaida inatoa kutu na michirizi inaharibu jiwe lote. Funga usawa wa macho au juu kidogo, ukishusha sana kesho kutwa kuna tangazo la mganga juu yake.

Kibali: mwenye ukuta akupe kwa maandishi, serikali ya mtaa wajue, jengo likiwa la kale ulizia idara ya serikali ya Mambo ya Kale, na ukitaka kusimamisha nguzo kwenye hifadhi ya barabara hapo ni TARURA (barabara za mijini na vijijini) au TANROADS (barabara kuu na za mikoa) kutegemea barabara.

Siku ya kuzindua, Waitaliano wana Aprili 25, sikukuu yao ya ukombozi, wanapeleka mashada kwenye vibao vya wapiganaji wao. Nyie kama marehemu alifariki Aprili kumbukeni ni masika, fundi afunge Februari simenti ikauke, Aprili mje na maua na miavuli.