SOMO: Kitambulisho cha mzee cha matibabu bure hapa Tanga mjini (na hapana, konda hakijui)

Naandika hii mara moja tu ili mtu akiniuliza tena nimtumie aje asome. Kila wiki simu, mara jirani, mara shemeji wa jirani, wote swali lile lile, "ile kadi ya mama uliipataje?" Na nusu yao wanadhani ukimwonyesha konda wa daladala mzee anapanda bure. Hapandi. Nitalirudia chini.

Tunachozungumza hapa ni msamaha wa kuchangia matibabu kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Umo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, kwa hiyo usiende kuomba kama unaomba sadaka. Ila hayo maneno "asiye na uwezo" yasome mara mbili. Kama wewe ni mtumishi wa serikali una NHIF yako, ile bima ya afya ya taifa, mzazi anaingia kwenye wale wategemezi wanne, mwandikishe huko umwachie nafasi bibi asiye na mtu.

Nilivyofanya mimi, mtaani kwetu Makorora:

1. Nenda serikali ya mtaa, sema unataka mzee aingie kwenye orodha ya wazee wasio na uwezo. Nenda asubuhi.

2. Picha mbili za pasipoti. Ushungi hauna neno, uso wote uonekane.

3. Namba ya NIDA ya mzee, yaani ya kitambulisho cha taifa. HAPA SIMAMA KWANZA.

Hapa ndo nilipoharibu na nikapoteza miezi saba. Ile namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku. Mimi sikuangalia. Nilijaza fomu kwa kichwa changu, mama kazaliwa 1951, maana siku zote anatuhadithia kuwa Uhuru ulimkuta na miaka kumi, nikapeleka nikarudi zangu nyumbani nimetulia. Jina halikurudi. Nikaenda kuuliza, dada wa pale ofisini akanigeuzia karatasi akaweka kalamu juu ya namba: 19670701. Yani kwa serikali mama yangu alikuwa na miaka 55, mdogo kuliko mdogo wake mwenyewe. Ilikuwaje? Siku ya kuandikishwa NIDA alifuatana na mjukuu, wakamuuliza umezaliwa lini bibi, naye kama wazee wote hajui tarehe, akaanza kueleza mambo ya Azimio la Arusha, kwamba aliolewa mwaka wa Azimio, mwandikishaji kasikia "Azimio" kaandika 1967 na kapiga tarehe mosi Julai. Basi. Mjukuu yuko na simu yake hana habari.

Kurekebisha ni safari. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, ikabidi kuomba RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, kama mtu aliyechelewa kusajiliwa, kiapo, na ushahidi wowote wa zamani ulionao. Kilichotuokoa ni karatasi ya ndoa, imekunjwa mara nne, imetoboka kwenye mikunjo, ilikuwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo vya gauni. Imeandikwa 1967. Afisa akaisoma, akamtazama mama, akacheka, "bibi hukuzaliwa siku ya harusi yako hapa". Ndipo cheti kikatoka, na kwa cheti NIDA wakasahihisha.

Kwa hiyo onyo. Soma hizo tarakimu nane KABLA hujajaza chochote. Jina nalo lifanane herufi kwa herufi, kama NIDA ni Mwanahamis bila i ya mwisho basi huko kwingine andika hivyo hivyo hata kama roho inauma. Na usimtume mzee na mtoto. Mtu mzima afuatane naye.

4. Orodha inapita kwa mtendaji wa kata inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii halmashauri. Kazi yako ni kufuatilia, bila kugomba.

5. Kadi ikitoka piga kopi mbili, yenyewe ifanyie lamineshen.

Hailipiwi. Gharama yako ni picha na kopi tu, ukiambiwa "ya soda" ujue ni soda ya mtu.

Kuitumia: anzia zahanati au kituo cha afya, ukihitaji kwenda hospitali ya Bombo upewe rufaa. Ukifika uliza dirisha la wazee, yale mabango ya kumpisha mzee ahudumiwe kwanza si mapambo. Na mjiandae kwamba dawa zinaweza kuwa zimeisha, mama keshawahi kuandikiwa dawa nne akapewa mbili, mbili tukanunua duka la nje. Kadi inafuta malipo, kabati tupu haijazi.

MASWALI

mzee_wa_kashata: Daladala je? Mi nilisikia wazee bure.

Mwandishi: Nimeandika kwenye kichwa cha habari yakhe. Nauli zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ya mwanafunzi ipo, ya mzee haipo. Konda akimsamehe bibi ni utu wake, na hapa kwetu wapo wengi wenye utu huo, ila humdai.

Jumaa_Pongwe: Mambo niaje, naomba unitajie vitu vinavyotakiwa

Mwandishi: Namba 1 mpaka 5.

Jumaa_Pongwe: Ndefu kaka, fupisha

Mwandishi: Miezi saba ndo mirefu. Soma.

binti_chuda: Shikamoo. Swali langu, bibi yangu alama za vidole hazikusoma kabisa siku ya NIDA, amesuka mikeka toka usichana vidole vimekuwa laini kama sabuni. Walijaribu mara tatu wakamwambia arudi, hajarudi mpaka leo, anasema anaona aibu. Namba hana. Nifanyeje?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Kwanza mwambie bibi si yeye peke yake, wa ukili, wa mkonge na wa kufua nguo za watu wote wako hivyo. Mrudishe, umwambie mwandikishaji mapema kabla hajaanza kwamba vidole ni shida, wajaribu vyote kumi, maana mara nyingi kidole cha mwisho kinakuwa kizima kuliko shahada na gumba vinavyobana ukili. Mama yangu tulimpaka mafuta ya nazi usiku, asubuhi akanawa na kufuta vikakauka, vikasoma, sijui ni mafuta au ni dua. Na wakati unangoja usikae bure, nenda serikali ya mtaa mweleze mwenyekiti jina lake liandikwe kuwa yupo na hali yake ni hiyo. Halafu tarehe! Mkae jioni moja umuulize kwa matukio, Uhuru ulimkuta wapi, Azimio alikuwa na mtoto wa ngapi, vita vya Kagera nani alikuwa mgongoni. Andika, ufike na mwaka tayari.

binti_chuda: Ahsante sana, jioni ya leo nakaa naye.

mpiga_pedeli: Mlemavu naye anapata hiyo kadi? Kaka yangu ana miaka 41 hatembei.

Mwandishi: Hii ni ya wazee, kwa umri wake hapati kupitia hapa. Aende kwa huyo huyo afisa ustawi wa jamii ajieleze.

Bi_Raskazone: Naongezea hapo, na tuseme mtu mwenye ulemavu jamani. Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo 2 aulizie ofisi ya maendeleo ya jamii.

mpiga_pedeli: Hilo sikulijua. Shukrani dada.

Mwandishi: Wala mimi sikufikiria kulitaja, ahsante Bi.

Mtanga_Leicester: Nimecheka hapo kwa konda. Huku Uingereza pasi ya basi ipo kweli. Ukifika umri wa pensheni ya serikali, tulianza kuzoea 66 na sasa inapandishwa kuelekea 67, unapanda mabasi ya kawaida England yote bure, si yale ya safari ndefu, siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tano usiku, wikiendi kutwa. Mwenye ulemavu hasubiri umri. Scotland wanaanza 60, London wana yao inaitwa Freedom Pass tangu 1973.

Mwandishi: Kwa nini saa tatu na nusu?

Mtanga_Leicester: Wapishe watu wa kazini na wanafunzi kwanza. Wazee wanasimama kituoni wanatazama saa, basi likija na dakika tano hazijafika wengine wanaliacha lipite.

Mwandishi: Huku ingekuwa konda ndo anatazama saa. Sasa na huko wanataka cheti cha kuzaliwa?

Mtanga_Leicester: Wanataka uthibitisho wa umri, makazi, na picha. Shangazi yangu ilirudishwa, picha ilikuwa na kivuli.

Mwandishi: Haya jamani, hata Ulaya picha. Jumaa wa Pongwe umeona?

Jumaa_Pongwe: Nimesoma yote sasa. Namba ya baba inaanza 19640701, yeye anasema alizaliwa kabla ya Uhuru. Kaka si ndo yale yale ya mama yako?

Mwandishi: Ndo yale yale. Umefanya la maana kuangalia. Usijaze fomu yoyote leo. Kafungue sanduku lake, tafuta cheti cha shule, karatasi ya ndoa, chochote chenye mwaka, piga picha unitumie jioni tuone kipi kinasomeka.