Kushona kofia ya viua kwa mkono, na kuitunza iliyozeeka

Ukitaka kujua kama kofia ya viua, yaani ile iliyojaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, imeshonwa kwa mkono, usiitazame usoni. Ipindue. Kazi ya mkono hufanana ndani na nje: uzi ni ule ule pande zote mbili, na ule unaotoka kiua kimoja kwenda cha pili umefichwa katikati ya nguo. Kofia ya cherehani huonyesha uzi mwingine upande wa ndani, mara nyingi mwembamba zaidi, na nyuzi zinazoruka kutoka tundu hadi tundu. Anayetaka kujifunza kazi hii Lamu aanze kwa kupindua kofia za wazee, kwani hapo ndipo mshono unaposomeka.

Nguo ni bafta nyeupe ya pamba tupu, iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongana. Bafta iliyochanganywa na nailoni haifai: ukiitoboa, nyuzi zake hurudi mahali pake na tundu hujifunga. Kata kipande cha mita moja, kiloweke usiku kucha, kifue, kikauke, kisha kipige pasi kingali na unyevu. Usiruke hatua hii. Pamba mpya ikirudi kwa asilimia 3 tu, kofia ya sentimita 57 hupungua karibu sentimita 2, na haitaingia kichwani tena.

Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila kimoja ni nguo mbili zilizolazwa pamoja. Pima kichwa juu ya masikio, ongeza sentimita 1. Kichwa cha sm 56 kinataka ukanda wa sm 57, na kimo cha sm 8.5 kinawatosha watu wazima wengi. Duara lake litakuwa na kipenyo cha sm 18 na ushei, yaani 57 gawa kwa 3.14. Chora mistari hiyo kwa penseli ngumu, lakini usikate hapo. Acha sm 3 za ziada kila upande. Darizi huivuta nguo ndani kidogo kidogo, na wengi hukata mapema wakamaliza kazi ya miezi na kofia ya mtoto.

Shikiza nguo mbili kwa bandi ndefu, yaani mshono mwepesi wa kupitisha sindano juu na chini, mistari ya kwenda juu na ya kukingama, ikiachana sm 3. Kisha chora nakshi. Ukanda wa sm 57 ugawe vyumba 6 vya sm 9.5, ua au nyota unayoichora irudiwe kila chumba, na mwisho wake utakutana sawasawa na mwanzo kwenye mshono wa nyuma. Nakshi ichore kwa nukta, kila nukta ikiwa mahali pa kiua kimoja; ziachane mm 5 kutoka kati hadi kati, kwa hiyo kila chumba kina nukta 19 kwa safu. Zikikaribiana chini ya mm 4, ule ulimi mwembamba wa nguo kati ya matundu mawili ndio utakaokatika kwanza kofia ikifuliwa.

Sasa kiua chenyewe, na hapa ndipo pa kutulia.

Tumia sindano namba 9 au 10 na uzi wa pamba namba 40, mmoja, usiukunje mara mbili. Urefu wake uwe mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mrefu kuliko huo huchakaa kwa kupita nguoni mara nyingi, hutoa manyoya na kujifunga mafundo. Upitishe mara moja juu ya nta ya nyuki. Usipige fundo mwishoni: ingiza sindano katikati ya nguo mbili, mbali kidogo na nukta, acha mkia wa sm 2, utafungwa na mishono yenyewe.

Zungusha bandi ndogo kuizunguka nukta, mishono 6 hadi 8, duara la kipenyo cha mm 2.5 hivi. Ndipo uchukue msharasi mwembamba utoboe katikati. Utoboe, usikate. Msharasi huzisukuma nyuzi za bafta pembeni bila kuzivunja, na nyuzi hizo nzima ndizo zinazoshika kiua miaka na miaka. Tundu lililokatwa kwa ncha ya makasi huonekana safi siku ya kwanza, kisha hufumuka. Uzungushe msharasi, uutoe, uuingize tena upande wa nyuma ili mdomo wa tundu usivimbe upande mmoja.

Kisha zungushia uzi: sindano ishuke ndani ya tundu, itokee nje kidogo tu ya ile bandi, uvute, ushuke tena. Mishono 16 hadi 20 ikilala ubavu kwa ubavu hufunika mdomo wote. Kila mshono uvute kwa nguvu ile ile na kwa upande wa nje, kwa maana mkono unaovuta kuelekea katikati huziba tundu. Ukifika nusu, ingiza msharasi tena kidogo. Kiua huanza kuwa yai kabla jicho halijagundua. Ukimaliza, pitisha sindano chini ya mishono 3 ya mwisho, ndipo uende nukta inayofuata kwa kupita katikati ya nguo. Uzi wa mkono mmoja hutoa viua 4 au 5.

Ukanda uliojazwa safu 12 una viua 1,368. Hata ukiwa na kasi ya dakika 4 kwa kimoja, hizo ni saa zaidi ya 90 kabla ya kugusa duara. Asiyejua hesabu hii hulalamikia bei. Kaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, au barazani asubuhi, mwanga ukitoka upande wa mkono usioshika sindano, na uache macho yakichoka, kwa sababu viua vya jioni hujulikana.

Kaskazi ikipamba moto, mikono hutoka jasho na sindano hushika kutu. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya muda, na kamwe usiiache imechomekwa kwenye kazi usiku. Doa la kutu likishaingia, lipake ndimu na chumvi, uliweke juani nusu saa, kisha suuza sana, maana tindikali ikibaki huiozesha pamba. Jiki usiiguse: hulikaza doa la kutu na kuuchosha uzi.

Darizi ikiisha, pima upya, rekebisha mstari, ukate ukiacha sm 1 ya mshono. Funga ukanda nyuma, tia alama robo nne kwenye duara na ukanda, zikutanishe kwa pini, ushone kwa mshono wa kurudi nyuma. Upindo wa chini mwisho.

Kufua ni kwa maji baridi na sabuni ya mche, kuloweka nusu saa, kubonyeza bila kukamua. Suuza kwa maji matamu. Maji ya kisima yenye chumvi huacha chumvi nguoni, nayo huvuta unyevu. Kwa wanga, koroga kijiko kimoja cha chakula katika nusu kikombe cha maji baridi, mimina ndani ya vikombe 2 vya maji yanayochemka, koroga mpaka ung'ae. Chovya kofia, ifinye ndani ya taulo, ivike bakuli lililopinduliwa lenye mzunguko wa kichwa chako, ikauke kivulini. Kabla haijakauka, pitisha ncha ya sindano nene katika kila kiua. Wanga ukikaukia tunduni, kofia huonekana kipande cha nguo chenye vipele.

Kofia ya zamani isiyovaliwa iwekwe bila wanga, kwani mende huufuata na kula nguo pamoja nao. Ukikuta ulimi uliokatika kati ya viua, usijaribu kuuvuta pamoja. Weka kiraka nyuma, kati ya nguo mbili ikiwezekana, cha bafta iliyotoka kwenye kanzu kuukuu: imekwisha kurudi, ni laini, na weupe wake umeshatulia. Bafta mpya huwa na weupe wa buluu na ni ngumu kuliko jirani yake, hivyo huchana pembeni ya kiraka. Kishikize kwa bandi ndogo, toboa upya, na uzungushie uzi ukianzia kwenye kiua kizima kilicho karibu.